Mugongo Ungali Unauma Nyuma ya Operasyo: Je, Ni Zambi Kurudi kwa Munganga?



Siku moja, kisha kipindi chetu cha afya, ndugu mumoja aliningojea inje, mbele ya mulango wa studio. Nikamupa kiti. Akaikaa kwenye pembe ya kiti, muguu mumoja umenyooshwa, kama mutu anayetaka kusimama tena sasa hivi. Ndugu huyo ni shofere wa motoka kubwa kwenye barabara ya Kasumbalesa, na wengi wenu munamujua, kwa maana mwaka uliopita alisimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda. Alikuwa amepasuliwa mugongo. Mbele ya operasyo alikuwa anatembea akishika ukuta. Nyuma ya operasyo alicheza mbele ya mazabahu, na wamama wa koro wakapiga vigelegele mpaka jirani wakakuja kuangalia.

Sasa aliniambia hivi: "Mushemasi, mwezi wa nne maumivu yalirudi. Sikumwambia mutu. Nikisema mugongo unauma, watu watasema nini? Kwamba Mungu aliniponya nusu?"

Miezi saba alificha. Kila asubui alinunua tramadoli kwa kijana anayeuza dawa katika soko, kwanza kidonge kimoja, kisha viwili, kisha vinne. Bibi yake peke yake alijua, kwa sababu usiku saa nane alimusikia akitembea katika nyumba.

Ninaandika karatasi hii kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine ambao wanaficha vilevile. Na ninaiandika pia kwa sababu ya deni langu mwenyewe. Nimefanya kazi ya kulea wagonjwa miaka mingi, lakini zamani, wakati nilikuwa kijana na mwenye bidii kubwa katika maombi, mama mumoja wa kanisa letu aliniambia kwamba mugongo wake unamusumbua usiku, na tena anatoka jasho. Nilimujibu: "Mama, ongeza imani." Kumbe ilikuwa kifua kikuu cha mifupa ya mugongo. Walipomupeleka kwenye hospitali, miguu yake ilikuwa imekwisha kulegea. Leo anatembea na fimbo. Yeye alinisamehe mbele yangu mimi kujisamehe.

Basi tuanze na mugongo wenyewe, kwa maana mutu hawezi kuogopa vizuri wala kutumaini vizuri kitu asichokijua.

Mifupa ya mugongo imepangwa moja juu ya ingine kama matofali. Chini ya mbavu, pahali tunapofunga mukaba, kuna mitano mikubwa inayobeba uzito wote wa mwili. Kati ya mufupa na mufupa kuna kitu kama kauchu, kigumu kwa inje na laini kwa ndani. Wanganga wanakiita diski. Mashofere wataelewa upesi: ni kama ile kauchu inayowekwa kati ya vyuma viwili vya motoka ili visigongane. Na nyuma ya mifupa, ndani ya tundu, kunapita mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo na kushuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Ile si mishipa ya damu. Ni kama nyuzi za umeme.

Wakati kauchu inapasuka, sehemu yake ya ndani inatoka na kufinya uzi. Hapo mutu anasikia moto unaotoka kwenye kiuno, unapita kwenye tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye muguu. Munganga wa kupasua anaondoa kile kipande kinachofinya. Pengine anakata kidogo ya mufupa ili kupanua nafasi. Pengine anafunga mifupa miwili pamoja kwa vyuma ili isichezecheze. Musikie vizuri: anafungua nafasi ya uzi, lakini hatengenezi kauchu mupya. Ndiyo maana operasyo inasaidia zaidi maumivu ya muguu kuliko maumivu ya mugongo wenyewe. Watu wengi hawaambiwi neno hilo mbele ya kupasuliwa, ama wanaambiwa kwa Kifaransa cha haraka siku ile wanapokuwa na woga. Kisha wanarudi nyumbani, muguu umepona, mugongo ungali unauma, wanazani wamedanganywa.

Tena kuna habari ya uzi uliofinywa muda murefu. Sisi watu wa Lubumbashi tunaijua SNEL. Fundi anaweza kutengeneza kabini, lakini ikiwa uzi ndani ya nyumba uliungua zamani, taa itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Mushipa wa fahamu uliofinywa mwaka muzima ama miaka miwili unapona polepole, kwa miezi, na pengine unabaki na kovu ndani yake. Kuwashwa, kuchomwa kama na shindano, baridi ndani ya muguu wakati muguu ni moto: yote hayo yanaweza kubaki hata kama operasyo ilifanywa vizuri kabisa.

Hii si habari ya Katanga peke yake. Wanganga waliofuata wagonjwa waliopasuliwa mugongo katika inchi mbalimbali wanahesabu kwamba, kati ya watu 100, wapata 10 mpaka 40 wanabaki na maumivu ama maumivu yanawarudilia. Maumivu yakipita miezi 3, wanaacha kuyaita maumivu ya kidonda, wanayahesabu kuwa ugonjwa wa kipekee unaostahili matunzo yake.

Rais John Kennedy wa Marekani alipasuliwa mugongo mara ine. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1944. Mwaka wa 1954 wakamutia chuma. Uchafu ukaingia katika kidonda, akawa karibu kufa, na mwaka wa 1955 wakakiondoa kile chuma. Mwaka wa 1957 wakapasua tena juu ya usaha. Mutu huyu alikuwa na feza, alikuwa na wanganga wakubwa wa Marekani, na alipoingia katika ikulu mwaka wa 1961 angali anavaa mukaba mugumu wa kushikilia mugongo. Kitu kilichomusaidia zaidi mwaka ule hakikuwa kisu cha tano. Munganga mumoja jina lake Hans Kraus alimufanyisha mazoezi ya mwili kila juma, na nguvu ikarudi. Ninyi munaokaa nyumbani mukizani kwamba munateseka kwa sababu hamukuwa na feza ya kwenda mbali, mukumbuke habari hiyo.

Sasa, maumivu yanayobaki yanaweza kutoka wapi? Munganga muzuri ataanza na swali moja ambalo ninyi wenyewe munaweza kujiuliza leo nyumbani: maumivu yalirudi wakati gani?

Kama hayakuondoka hata siku moja, na ni yale yale ya zamani, pengine pahali palipopasuliwa hapakuwa chanzo chake. Nyonga inaweza kuuma ikajifanya mugongo. Kiungo kinachounganisha uti wa mugongo na mifupa ya kiuno pia kinaweza kudanganya. Na hapa kwetu nimeona kitu kingine: shindano la kinini lililopigwa vibaya katika tako na kugusa ule mushipa mukubwa unaoshuka kwenye muguu, na mutu anatafuta ugonjwa katika mugongo miaka mingi.

Kama yaliondoka, mutu akapumuzika, kisha katika juma la pili ao la tatu ao la sita yakakuja maumivu mapya makali, mutu hawezi kugeuka kwenye kitanda, na homa inapanda, hapo tunaogopa uchafu ulioingia ndani ya diski ama ndani ya mufupa. Kidonda cha inje kinaweza kuonekana kizuri kabisa. Musidanganywe na ngozi.

Kama yalirudi kisha miezi, na mutu anakumbuka siku yenyewe, kwa mufano siku alipobeba mufuko wa makala ama alipovuta gurudumu la motoka, pengine diski ile ile imetoka tena. Jambo hilo linafikia watu wapata 5 mpaka 15 kati ya 100 waliopasuliwa diski. Na kama yalirudi polepole, pasipo siku inayojulikana, pengine ni kovu lililokua ndani na kushika mushipa, ama vyuma vimelegea, ama mufupa wa juu umechoka kwa sababu unabeba kazi ya wengine. Mara nyingi, na ninasema hivi kwa yale niliyoyaona, ni nyama ya mugongo iliyolegea kwa sababu mutu alilala kitandani miezi mitatu akiogopa kutembea. Ndugu wa jamaa wanamukataza kuosha hata kikombe. Wanafanya hivyo kwa upendo, lakini upendo huo unazidi kulegeza mugongo.

Tusisahau tena kwamba mutu aliyepasuliwa mugongo anaweza kupata ugonjwa mwingine katika mugongo ule ule: kifua kikuu, ama kansere iliyotoka pengine, zaidi sana kwenye ziwa kwa wamama na kwenye prostate kwa wazee. Kama mutu anakonda, anatoka jasho usiku, na maumivu yanamuamsha hata akiwa amelala kimya, asiseme "ni ile operasyo tu".

Kuna alama ambazo hazingojei siku ya Mungu, hazingojei juma la maombi kuisha, wala hazingojei muchungaji kurudi safarini. Mutu akishindwa gafula kukojoa, ama mukojo na haja kubwa vinatoka pasipo yeye kujua; akipoteza kusikia pale anapoketi, katikati ya mapaja, hata akijisafisha hasikii mukono wake; miguu yote miwili ikianza kulegea, ama unyayo unakokota na kiatu kinatoka peke yake: huyo apelekwe kwenye hospitali siku ile ile, hata usiku. Uzi wote wa chini unafinywa. Masaa yanahesabiwa pale. Kama siku mbili zinapita, mara nyingi mukojo haurudi tena kuwa wake. Vilevile homa pamoja na mugongo unaozidi kuuma, ama usaha, ama maji meupe yanayotoka kwenye kidonda na kichwa kinauma sana wakati mutu anaketi na kupunguka wakati analala. Na kama muguu mumoja unavimba nyuma na unauma, kisha pumzi inakuwa fupi na kifua kinachoma, ni damu iliyoganda. Ule naye asingoje. Tuombe, ndiyo, lakini tuombe ndani ya motoka, tukiwa njiani.

Ninajua neno ambalo wengine wanatayarisha kunijibu: Mufalme Asa. Ndiyo, kitabu cha pili cha Mambo ya Siku, sura ya 16, kinasema kwamba miguu yake iligonjwa naye hakumutafuta Bwana, alitafuta wanganga. Lakini musome sura nzima. Asa alikuwa amemukasirikia nabii na kumutia katika kifungo, alikuwa anatesa watu, alikuwa amekwisha kumuacha Mungu mbele ya miguu kuuma. Kosa lake lilikuwa kumuacha Bwana. Hezekia naye, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20, alikwisha kupata ahadi ya Mungu mwenyewe kwamba atapona na kuongezewa miaka 15. Na hata hivyo Isaya aliagiza watu waweke tini juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwako na tini zikatumiwa. Paulo, ambaye hata vitambaa vyake vilipelekwa kwa wagonjwa, alimwambia Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alimuacha Trofimo mugonjwa kule Mileto. Hakuandika kwamba Trofimo hana imani.

Zaidi ya wote ninamupenda yule mama wa Luka sura ya 13, aliyekuwa ameinama mugongo miaka 18. Mateo hakumuandika. Marko hakumuandika, wala Yoane. Luka peke yake alimuandika, na Luka ndiye tunayejua kwa barua ya Wakolosai kwamba alikuwa munganga. Mutu wa kazi hiyo anakumbuka mugongo. Na muangalie: mama huyo aliingia katika sinagogi akiwa ameinama, kila mutu akimuona. Hakujinyoosha kwa nguvu ili kuonekana muzuri mbele ya wazee. Bwana alimuita kama alivyokuwa. Ndugu yetu shofere alikuwa anafanya kinyume: kila siku ya Mungu alijinyoosha kwenye mulango, akapeana mikono akicheka, kisha akarudi nyumbani kulia.

Katika Kongo yetu tuko na mufano mukubwa sana katika jambo hili. Munganga Denis Mukwege wa Bukavu ni mwana wa muchungaji wa Kipentekoste, na yeye mwenyewe anahubiri. Anaeleza kwamba alipokuwa mutoto alimufuata baba yake kwenda kumuombea mutoto mugonjwa. Wakati walipotoka alimuuliza baba yake kwa nini alimuombea tu na hakumupa dawa. Baba yake akamujibu kwamba yeye si munganga. Kazi yake ni kuomba. Hapo ndipo mutoto aliamua kuwa munganga, ili mumoja aombe na mwingine atoe dawa. Mwaka wa 1999 alianzisha hospitali ya Panzi pamoja na kanisa lake la Kipentekoste, na mwaka wa 2018 akapewa Zawadi ya Nobel ya Amani. Baba yake hakuona haya kusema "mimi si munganga". Wachungaji wetu nao wanaweza kusema neno hilo, na hakuna mutu atakayewazarau.

Niseme sasa jambo ambalo linaniumiza kuliko mugongo. Katika nyumba ingine, wakati maumivu yanarudi nyuma ya operasyo, watu hawatafuti sababu katika mwili, wanatafuta mutu. "Tulilipa feza nyingi, munganga alipasua vizuri, sasa nani anamufunga?" Na kidole kinamuangukia muke wa baba, ama nyanya, ama mutoto yatima anayekojoa kitandani. Mutoto anafukuzwa kwa sababu ya kovu ama chuma kilicholegea. Wapendwa, Katiba yetu ya 2006, katika sehemu ya 41, inakataza kumusingizia mutoto uchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inaweka azabu. Muchungaji ama nabii anayelitaja jina la mutoto katika chumba cha mugonjwa anafanya kosa mbele ya serikali. Na mbele ya Mungu, someni ninyi wenyewe Bwana alivyosema juu ya wale wanaokwaza wadogo.

Tuje kwenye dawa, kwa maana hapa ndipo watu wetu wanaharibika kimya.

Parasetamoli ni dawa nzuri kama haipitishwi: mutu mukubwa mwenye maini mazima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, akiviachanisha. Ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia kwa siku chache, lakini zikiendelea zinatoboa tumbo na kuharibu figo, zaidi sana kwa mutu mwenye tansyo, ama mwenye kufunga. Ndugu, kumeza ibuprofeni tumbo tupu siku tatu za kufunga ni kutafuta kutapika damu. Ukiwa na dawa za kila siku, uliza munganga mbele ya kuingia katika mufungo, kanisa halitakuhukumu. Tramadoli inatuliza kweli, lakini mwili unaizoea, unaomba zaidi, na ikizidi inaleta kifafa na kufunga pumzi, vibaya zaidi ikichanganywa na pombe ama dawa za usingizi. Mutu aliyeitumia miezi asiiache kwa siku moja. Ipunguzwe polepole pamoja na munganga. Na ile deksametazoni ya soko, ambayo watu wanaisifu kwa sababu inaleta hamu ya kula na uso unajaa! Ule uso haukujaa afya. Dawa ile inapandisha sukari, inazaifisha mifupa, na mubaya zaidi, inaficha uchafu ulio ndani mpaka siku unapolipuka.

Wengi hawajui kwamba maumivu ya mushipa wa fahamu yako na dawa zake za kipekee, ambazo si za maumivu ya kawaida. Amitriptilini, kwa mufano, kwa kipimo kidogo usiku. Ni dawa ya zamani, na bei yake si ya kutisha. Inatumiwa pia kwa watu wenye huzuni nyingi, kwa hiyo mutu akisoma karatasi ya ndani anasirika: "Munganga anazani mimi ni mwenda wazimu!" Hapana. Inatuliza ule uzi unaowaka ovyo. Inataka majuma machache mbele ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu.

Kwa wale wanaokwenda kwa munganga, nendeni na karatasi zenu. Karatasi ya operasyo inayosema walipasua mufupa gani na kuweka chuma gani, picha za mbele na za nyuma, na vidonge vyote katika mufuko, hata vile vya soko, hata miti-shamba. Musione haya. Ninaona wagonjwa wanaficha tramadoli kwa munganga kama vile walimuficha muchungaji. Kama una chuma, useme mbele ya kuingia katika mashini ya IRM. Vyuma vingi vya siku hizi haviikatazi, lakini wanapaswa kujua. Na musishangae munganga akianza kwa kukugonga goti na kukuinua muguu mbele ya kuagiza picha. Picha peke yake haisemi yote: kuna watu wenye picha mbaya wasiosikia maumivu, na wenye picha nzuri wanaolia. Wamama wa kijiji wananichekesha hapa. Munganga anaandika "radio ya mugongo", nao wanakuja kwetu studio kuuliza saa gani itapita.

Njia ni ile ile: kituo cha afya, kisha hospitali kubwa ya zone, kisha barua ya kupelekwa mbele. Mutu wa Mitwaba aanze kwenye hospitali ya zone yake, kwa sababu homa, damu na mukojo vinaweza kupimwa pale mbele ya kupanda motoka ya Lubumbashi. Safari ile juu ya mizigo ya motoka, wakati wa mvua, si ya mutu mwenye mugongo mubichi; jamaa na kanisa watafute pahali mbele, karibu na shofere, na wasimame mara nyingi ili atembee. Hapa Lubumbashi kuna Hospitali Jason Sendwe, inayobeba jina la mutu ambaye mwenyewe alikuwa musaidizi wa wanganga mbele ya kuingia katika siasa, na kuna Kliniki za Université. Kurudi kwa munganga yule aliyekupasua si kumusitaki. Kutafuta munganga wa pili ili aangalie pia si kumutukana. Uliza swali hili pasipo kuogopa: "Ukinipasua tena, unatumaini kuondoa nini, na nini kitabaki?" Kwa maana operasyo ya pili inasaidia watu wachache kuliko ya kwanza, na ya tatu wachache tena. Kama kuna uchafu, diski mupya inayofinya, ama chuma kilichovunjika, kisu kiko na sababu. Kama ni kovu tu na maumivu, kisu mara nyingi kinaongeza kovu.

Na sisi tunaoombea, tuangalie mikono yetu. Mutu aliyepasuliwa mugongo asisukumwe kwenye paji la uso mpaka aanguke nyuma juu ya simenti. Mumuwekee mukono kwenye bega akiwa ameketi. Maombi ya usiku kucha juu ya benchi isiyo na pa kuegemea, masaa matatu ya kupiga magoti, bidoni ya litre 20 ya maji ya kuosha kanisa: hayo tuwaondolee kwa muda. Lakini tusiwazuie kutembea. Kutembea dakika 10, kesho 12, juma linalokuja 20, na mazoezi ambayo kine anawafundisha, ndiyo dawa ambayo wengi wanaizarau kwa sababu haimo katika chupa. Mutu mwenye kulala usiku anasikia maumivu kidogo kuliko asiyelala. Na mutu anayeweza kusema "inaniuma" mbele ya ndugu zake analala vizuri zaidi.

Ndugu yetu alikubali. Tulikwenda pamoja siku ya kwanza ya juma, mimi na yeye na bibi yake, na mufuko wa vidonge. Picha ilionyesha diski ya zamani haikurudi. Ilikuwa ni kovu na nyama zilizolegea, tena mushipa uliobaki na alama. Hakuna kisu. Tramadoli ilipunguzwa kwa majuma sita, na yalikuwa majuma magumu, anatetemeka na kukasirika, bibi yake ni shahidi. Sasa anaenda kwa kine mara mbili kwa juma. Hajarudi kwenye barabara ya Kasumbalesa. Patroni wake amemuweka kwa kuangalia motoka za wengine.

Siku ya Mungu iliyopita aliomba tena nafasi ya ushuhuda. Muchungaji alimupa. Alisema: "Ile siku nilicheza, nilikuwa nimepona muguu, na ninamushukuru Mungu kwa muguu. Mugongo tungali pamoja naye njiani." Kisha hakurudi katika mustari wa mbele. Alisimama nyuma karibu na dirisha mpaka mahubiri yakaisha, kwa sababu kusimama kunamusaidia, na wazee wawili wakaenda kusimama pamoja naye.